Moto Usiopulizwa

Binti yangu alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, mikono juu ya magoti, mashavu yamejaa pumzi kama chura. Juu ya lile jiko hakukuwa na kitu cha kuona. Moshi hakuna, mwanga hakuna, kaa jekundu hakuna. Kila aliyesimama pale angeapa kwamba limezimika. Mimi nilijua linawaka kwa sababu mimi njo niliyeliwasha.

Wageni wa mradi walimzunguka nusu duara, simu juu. Mmoja alicheka kwa upole, namna watu wanavyochekea kitoto cha mbuzi. Injinia wetu alikuwa amelipa jiko mgongo, anawaeleza habari za hewa safi. Alikuwa anatabasamu. Mtoto akainamisha uso ili apulize.

Sikumbuki nilizungukaje tangi. Nakumbuka kwamba ndoo ya uji mchachu niliyokuwa nimeshika ilikuwa imekwisha kutoka mikononi. Uji ulilipiga jiko, ukapiga ukuta, ukapiga viatu vya yule aliyekuwa anacheka. Nikamnyakua mtoto kwa nyuma ya gauni, nikafunga bomba la gesi, maana hasira ni hasira na kazi ni kazi. Halafu nikafungua mdomo.

"Muko bipofu?" Kilitoka Kiswahili cha nyumbani, si kile cha mikutano. "Bote hapa muko bipofu? Mutoto anaingiza uso ku moto, nyinyi munapiga foto?"

Mgeni mmoja aliuliza nasema nini. Injinia hakutafsiri.

Nieleze ile kazi, la sivyo mtanichukua kwa mwenda wazimu, na sikuwa mwenda wazimu hata kidogo. Siku nyingi za mwaka ule nilikuwa mtu mwenye raha.

Sisi pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, tunafuga vijidudu. Wengine wanafuga kuku, sisi vijidudu. Wanakaa ndani ya matangi ya chuma yaliyofungwa kabisa, katika giza, bila hewa, kwenye banda lililo nyuma ya kinu cha mahindi. Tunawalisha gaga, yaani pumba za kinuni, maganda ya muhogo, nyanya zilizopasuka sokoni, na makoko ya bugali yaliyobaki sufuriani. Wanakula, wanachachusha, wanacheua. Kile wanachocheua njo mali yetu: gesi ya haidrojeni. Inapanda kwa mpira, inapita ndani ya maji ya chokaa inapoachia hewa chafu, inaingia kwenye mfuko mkubwa kama godoro lililofura. Kutoka mfukoni inakwenda jikoni. Ukiiunguza, inatoa joto na mvuke wa maji, basi. Sufuria haipati masizi.

Mbegu yake ni matope ya mtaroni. Lakini matope hayo tunayachemsha kwanza, kama maharage. Siku ya kwanza tulicheka tukashika mbavu: wamama wazima, wengine wazee wa kanisa, tunapika matope! Injinia akatueleza. Ndani ya matope kuna vijidudu vya kutoa gesi yetu, na kuna vingine vyenye uchoyo, vinavyoila gesi ile na kuigeuza gesi nyingine. Moto unaua vile vya uchoyo. Vyetu vina ganda gumu, vinalala ndani yake kama mbegu ya mchicha, na vikipata chakula na uvuguvugu vinaamka. Nilimaliza sekondari hapa hapa kambini na hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kitu nikakiona machoni namna ile.

Tangi la pili lilikuwa langu. Nililijua kama unavyomjua mtoto mchanga. Likizidi kuchacha, linanyamaza, na mi nalitilia maji ya majivu kidogo kidogo, nachovya kikaratasi cha kupimia uchachu, naangalia rangi. Likipata baridi, linasinzia. Mwezi wa sita wilaya yetu ya Dowa kuna baridi ya kukausha midomo, na mi nililifunga blanketi kabla ya kumfunika mume wangu. Yeye ni fundi wa kushona, ana mdomo mrefu kuliko uzi wake.

"Mama, leo tena umelala na mutungi?" aliniuliza jioni moja, maana uji wetu unanuka siagi iliyooza na matapishi ya mtoto.

"Mutungi hauulizi chakula iko wapi," nikamjibu.

"Basi muambie akuoshe mugongo."

Asubuhi niliingia bandani na binti yangu mgongoni, nikamlaza juu ya magunia ya gaga, nikasikiliza chupa ya maji ambamo gesi inapita. Blup, blup, blup. Kama linacheua vizuri, nilijua usiku lilikula na siku yangu imenyooka. Mtoto aliamka mwenyewe, akasema "bulu, bulu," tukacheka wawili. Sijawahi kufanya kazi ninayoipenda hivyo.

Shida ilikuwa moto wenyewe.

Moto wa haidrojeni hauonekani mchana. Hauna masizi ya kung'aa ndani yake. Kivulini labda utaona uzi wa bluu, mwembamba. Juani huoni kitu. Injinia hakutuficha. Siku alipoliwasha mara ya kwanza alisogeza unyasi juu ya jiko tupu, unyasi ukashika moto hewani, wamama wakapiga vigelegele. Mmoja akakemea kwa jina la Yesu. Injinia akaanza kwa kuwaomba wamama radhi kwa Kichewa chake, "Amayi, pepani, hakuna shetani hapa. Lakini huyu moto hamutamuona. Musimuamini."

Maneno mazuri. Ila jiko lilikuwa chini, juu ya matofali matatu, na banda halikuwa na mlango. Uzio utakuja, alisema. Mlango utakuja. Lini? "Mawa." Nilijifunza neno hilo la Kichewa kuliko maneno yote. Maana yake ni kesho, na kesho ya mradi ina wajukuu.

Sasa musikie desturi yetu. Sisi wa Fizi na Uvira, kule Kongo, tunaombana moto. Asubuhi unachukua kishungi cha nyasi au kigae, unakwenda kwa jirani, unasema hodi, unapewa kaa, unarudi kuwasha babula lako, jiko la makala, yaani mkaa. Huwezi kumnyima mtu moto. Unaweza kumnyima chumvi ukasema imeisha; ukimnyima moto umemwambia kwamba muko maadui. Pale kambini, makala yakiwa shida na kiberiti kikiwa na unyevu, desturi hii ilizidi kupata nguvu. Na jiko letu lilikuwa linawaka kila siku kuelekea saa sita, maana gesi ya tangi lazima ijaribiwe. Kwa hiyo watu walikuja. Wangekwenda wapi?

Na kitu kingine. Mtu wa kwetu akikuta moto umefifia, hasemi umezimika. Anainama, anaweka uso karibu, anapuliza. Hatufundishwi, tunakua tukiwaona mama zetu wakifanya hivyo, macho wameyafumba nusu kwa ajili ya majivu. Hata ukiniamsha usingizini, ukaniweka mbele ya babula, nitapuliza kabla ya kujua niko wapi.

Jirani yangu tunayemwita Mama wa Mapacha alikuja siku moja na kishungi chake. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi nakoroga. Nikamsikia anasema peke yake, "Aa, bamewacha moto inakufa, bavivu hawa." Kabla sijaruka, amekwisha kuinama na kupuliza.

Mungu alikuwepo. Kilichoungua ni kitambaa cha kichwa na nyusi. Alikaa chini pu, akajipapasa uso, akaniangalia.

"Iko moto?" akauliza.

"Iko moto, mama."

"Ku wapi?"

"Pale ulikuwa unapuliza."

Alicheka mpaka akalia, kisha akalia mpaka akacheka. Wiki nzima alichora nyusi kwa kijiti cha mkaa, akawaambia watu kanisani kwamba amebusiwa na malaika. Baada ya hapo watoto wa mtaa waliupa jina: moto ya malaika. Wakaanza mchezo wa kusogeza nyasi ili zishike, na mwenye unyasi mfupi kabisa njo shujaa. Niliwafukuza kwa ufagio. Wakarudi. Nikamwambia injinia. Mawa. Nikamwambia tena, nikiwa nimeshika ule ufagio. Alikunja uso kama mtu anayeumwa, akasema amewapigia simu wakubwa wa mradi kule Kanengo, wamesema ndiyo ndiyo.

Binti yangu alikuwa ameanza kutembea. Kila asubuhi alinitazama nikipuliza babula nyumbani. Akajaza mashavu yake na kunisaidia, pfuu, pfuu, mate yanaruka. Niliona ni jambo tamu. Sikulifungamanisha na lile banda hata kidogo, mpaka ile siku ya wageni.

Wageni waliondoka mapema, mwenye viatu akitembea kama bata. Mama wa Mapacha alifika kabla gari halijapotea.

"Mama we! Umeogesha bageni na matapishi ya tangi!" Alishika ukuta kwa kucheka. "Ile kiatu yake ya ngozi! Nyumbani watamufungia inje."

"Mi sicheki."

"Ninaona hucheki. Njo maana ninacheka kwa wawili." Akamchukua binti yangu, akamgeuza uso huku na huku kama nyanya anayoichagua, akamrudisha. "Mutoto iko muzima. Sasa sikia. Unataka kubaandikia barua, sivyo? Ninakujua."

"Nitaandika."

"Usiandike. Hawa bantu ba biro, ukibaambia mulango inalia, banabomoa nyumba. Batasema jiko ni hatari, batapakia matangi ku kamyo, bataenda. Na sisi?"

Hapo alinigusa pabaya, maana aliyosema ni kweli. Mabanda mangapi kambini yamebaki nguzo tupu? Mradi wa sabuni ulikwenda hivyo hivyo, kwa sababu mtu mmoja alilalamika kuhusu harufu. Nilimwangalia mtoto, nikaliangalia tangi na blanketi lake. Nilitaka vyote viwili. Nilitaka mtoto mwenye uso wake na tangi lenye gesi yake, na sikuona kwa nini mwanamke achaguliwe kimoja na watu wasiojua hata kuweka mlango.

Mume wangu aliniambia, huku sindano ziko mdomoni, "Andika. Ila andika kama muntu anaomba mukwe, si kama anaomba talaka."

"Na kama ninataka byote mbili?"

"Basi anza na ya mukwe. Batasoma mpaka mwisho."

Kesho yake injinia alikuja na viatu vya mpira. Nilikuwa nimemsubiri na maneno yangu yamepangwa kama matofali, lakini yeye alikaa kwenye gunia, akavua kofia.

"Amayi, pepani sana."

"Ulikuwa unatabasamu."

"Nililipa jiko mgongo."

"Njo hiyo nitaandika. Kwamba uliupa mgongo."

"Andika na hiyo." Aliisema bila kununa, na ile hasira yangu ikakosa pa kukaa kwa dakika moja. Kisha akaniambia, "Mimi nikisema, ni kikohozi cha ndani ya nyumba. Mwenye nyumba amekizoea. Mama wa kambi akilalamika kwa maandishi na yakapigwa muhuri, lazima ajibiwe. Ni sheria yao wenyewe. Na uandike habari ya chumvi."

Chumvi? Alichukua kipande cha wavu wa chuma, akakichovya kwenye maji ya chumvi, akaniambia niwashe. Tulimfunga binti yangu mgongoni mwa Mama wa Mapacha kwanza. Nikawasha. Akaweka wavu, na pale palipokuwa hakuna kitu, juani kabisa, ukasimama moto wa manjano kama ua la alizeti. Nilikuwa nimelitunza tangi lile muda wote huo na sikuwa nimewahi kuuona moto wake mchana. Niliuangalia mpaka Mama wa Mapacha akasema, "Olewa naye basi."

"Kama ulijua hii, kwa nini hukuiweka tangu mwanzo?" nikamuuliza injinia.

"Wavu unaungua, unahitaji kubadilishwa kila mara. Niliomba. Kanengo waliniambia wageni wanapenda moto usioonekana. Njo ajabu yenyewe."

Hasira ilipata tena pa kukaa.

Nilichukua kibali cha kutoka, nikapanda kabaza, baiskeli ya kukodi, mpaka barabarani, mikono imeshika kiti na karatasi ziko kifuani, kisha nikapata lifti juu ya magunia mpaka Kanengo. Kanengo inanuka tumbaku. Inakuingia kooni kabla hujashuka. Biro ya mradi iko nyuma ya maghala, na karibu nayo liko tangi kubwa, baba wa matangi yetu, refu kupita nyumba, linakula pumba za vinu vyote vya pale. Huko njo nilifundishwa. Nilipita kulisalimia kabla ya kuingia. Niliweka kiganja kwenye ubavu wake wenye joto, nikasikia linavyonguruma kwa shibe, na nilifurahi kama mtu aliyefika kwa wakwe wanaompenda.

Dada wa mapokezi alikuwa mpole, amesuka vizuri. Tulizungumza kwa Kichewa changu cha sokoni na Kiingereza changu cha shule.

"Malalamiko? Sanduku la maoni liko pale mlangoni, sister."

"Sanduku letu Dzaleka lilianguka siku ya upepo likafunguka. Ndani mlikuwa na maganda ya karanga. Nataka muhuri."

Alizuia kicheko, hakufaulu. Akasoma ukurasa wa kwanza. "Unataka tufunge jiko?"

"Sitaki mfunge."

"Kawaida mtu analalamika ili kitu kifungwe."

"Mimi nalalamika ili kitengenezwe."

Alisoma tena, akafika kwenye babula, akainua kichwa. "Dada, sisi ni mradi wa kupunguza makala. Unaomba tuweke jiko la makala mlangoni?"

"Soma mpaka mwisho. Imeelezwa."

Alisoma mpaka mwisho. Alikuwa na mtoto, nikaona picha yake ukutani, mwenye meno mawili. Alifungua droo, akatoa muhuri, akaupiga kwenye nakala zote mbili, akanipa yangu pamoja na kikombe cha chai. Niliinywa yote pale pale, kwa sukari nyingi, hakuna aliyenifukuza.

Niliandika kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza. Ya Kiingereza ina heshima zaidi. Naweka hapa ya Kiswahili, maana njo yenye meno:

*Kwa wakubwa wa mradi, Kanengo.*

*Salamu nyingi. Mimi ni mlishaji wa tangi la pili Dzaleka. Nawashukuru kwa kazi hii. Naipenda, na tangi langu halijawahi kulala njaa.*

*Nalalamika rasmi kuhusu jiko la majaribio. Moto wake hauonekani. Jiko liko chini, banda halina mlango, na mlikwisha kuambiwa. Jirani yangu ameungua nyusi. Binti yangu, ambaye hajajua hata kusema "moto," aliinama kulipuliza mbele ya wageni wenu, nao wakampiga picha. Injinia alikuwa amelipa jiko mgongo na amekubali kosa. Ninyi bado.*

*Musiseme watu wasije. Kwetu anayeomba moto hanyimwi, na mimi sitaanza kuwanyima majirani kwa ajili yenu. Musiseme pia wasipulize. Watapuliza.*

*Naomba jiko liinuliwe lifike kifuani mwa mtu mzima, na lizungushiwe matofali. Naomba banda liwe na mlango na kufuli. Naomba wavu wa chumvi juu ya jiko kila linapowashwa, na nyavu za kubadilisha ziwe bandani, si Kanengo, ili moto uwe wa manjano na kila mtu auone. Naomba babula moja la makala nje ya banda, asubuhi na saa sita, ili anayekuja kuomba moto apewe moto anaoujua. Najua mradi unapinga makala. Kaa moja kwa majirani wote ni kidogo kuliko uso wa mtoto.*

*Siombi mradi ufungwe. Mkiufunga kwa sababu ya barua hii, njooni muwaeleze wamama ninyi wenyewe, kwa midomo yenu, na mkae chini mkiwaeleza.*

*Tangi nitalilisha kila siku kama kawaida. Gesi nitaiachia itoke juu ya paa. Lakini jiko, mpaka haya yafanyike, sitaliwasha: sitaliwasha kwa injinia, sitaliwasha kwa wageni, na wamama wenzangu wa banda wametia vidole vyao hapa chini kwamba nao hawataliwasha.*